Kufundisha Umbali na Muda wa Safari: Ndege, Barabara na Maji

Miongoni mwa mada ambazo wanachuo wetu huziona nyepesi wakati wa kuandika maandalio, kisha wakaziona nzito mbele ya darasa, ni mada ya umbali, kasi na muda. Kanuni yenyewe ni fupi, na mwanachuo huijua tangu akiwa mtoto: umbali ukigawanywa kwa kasi, jibu ni muda. Ugumu hauko katika kugawanya. Uko katika kujua ni umbali upi unaogawanywa, na muda unaopatikana ni muda wa nini.

Tutaanza na tukio moja. Mwaka 2019, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya Darasa la Sita katika shule mojawapo ya mkoa wa Geita. Mwanachuo aliandika ubaoni swali hili: "Kutoka Geita hadi Mwanza ni kilomita 112. Gari linakwenda kilomita 56 kwa saa. Litatumia muda gani?" Swali lilikuwa safi, na tarakimu zilichaguliwa ili mgawanyo usibakize kitu. Watoto wengi waliandika "saa 2" na wakapewa alama ya vema. Msichana mmoja wa dawati la tatu aliandika "Saa 2 na kivuko." Mwanachuo alimwekea alama ya kosa, akaendelea na dawati la nne.

Hatuna budi kukiri kwamba siku hiyo sisi wenyewe tulikuwa tumefika shuleni saa nne badala ya saa mbili, na sababu ya kuchelewa ilikuwa kivuko. Tulifika Kigongo muda mfupi baada ya pantoni kung'oa nanga, tukaikuta foleni ya malori ya saruji na mabasi, tukangoja. Msichana yule alijua jambo ambalo mkufunzi alikuwa amelisahau alipoondoka nyumbani asubuhi.

Baada ya kipindi tulimwuliza mwanachuo kwa nini amelikosoa jibu lile. Alijibu kwamba swali halikutaja kivuko. Hoja yake si ya kudharauliwa. Hesabu ya darasani hulazimika kupunguza mambo ya dunia ili mtoto aweze kuyashika, na mwalimu anayeruhusu kila jibu lenye neno "inategemea" hatamaliza azimio lake la kazi. Hata hivyo, kupunguza mambo ni kazi ya wazi, ya kufanywa mbele ya wanafunzi. Lau swali lingesema, "Tuchukulie kwamba gari halisimami mahali popote, wala halivuki maji," msichana angeandika saa 2 bila shaka yoyote, na angejifunza jambo la pili, yaani kwamba kuna safari ya kwenye daftari na kuna safari ya barabarani. Kwa kunyamaza, swali lilimfundisha kwamba ayajuayo kwao hayana nafasi katika somo la hisabati. Hilo ndilo kosa tunalotaka wanachuo waliepuke.

Mstari mnyofu na njia

Watoto wa kanda yetu huja shuleni na maana yao ya neno "mbali". Mzee akiulizwa kisima kiko wapi hujibu "pale tu", na "pale tu" yake yaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Hadanganyi. Anapima kwa uchovu wake na kwa mazoea yake. Basi hatua ya kwanza ni kuwapa watoto kipimo kisichomtegemea msafiri, nacho ni mstari mnyofu kati ya mahali na mahali, njia ambayo ndege hupita angani.

Hapa Kiswahili chenyewe hutusaidia, na pia huweza kutuchanganya, maana neno "ndege" tunalo kwa kiumbe na kwa chombo. Mwalimu akisema "umbali wa ndege", mtoto mmoja atamfikiria kunguru na mwingine atafikiria uwanja wa Mwanza. Tusiikimbie nafasi hiyo. Ndege yule na ndege ile, wote wawili hawafuati barabara, na upatanisho wa sarufi utarudiwa papo hapo bila kupoteza kipindi cha Kiswahili.

Kama shule ina ramani ya kipimio cha 1:1,000,000, sentimita 1 ya ramani husimama badala ya kilomita 10 za ardhini. Rula ikiwekwa kati ya Mwanza na Geita itasoma karibu sentimita 8.4, yaani kilomita 84. Kisha mwanafunzi achukue uzi wa kushonea, aulaze juu ya barabara itokayo Mwanza kwenda Usagara, Kigongo, Busisi, Sengerema hadi Geita, akifuata kila kona, halafu aunyoshe uzi huo juu ya rula. Utakaribia sentimita 11. Barabara, kwa hesabu ya kilomita zake, ni takriban 112. Mtoto akigawanya 112 kwa 84 atapata moja na theluthi moja: kila kilomita tatu za ndege zimekuwa kilomita nne za gari. Mwanafunzi aliyepata sentimita 8.2 au 8.6 asikosolewe kwa wino mwekundu. Aulizwe jinsi alivyoshika rula.

Shule nyingi hazina ramani ya kutosha watoto sitini. Tumeona somo likienda vizuri zaidi uwanjani kuliko darasani. Hatua moja ya mwalimu iwe kilomita 10. Mwanafunzi mmoja asimame awe Shinyanga. Mwingine asimame hatua 14 kuelekea kaskazini, akielemea kidogo magharibi, awe Mwanza. Wa tatu awe Geita, hatua nane na nusu kutoka Mwanza, upande wa magharibi na kusini kidogo. Kati ya Mwanza na Geita mwalimu amwage majivu kuonyesha Ghuba ya Mwanza, ule mkono wa Ziwa Victoria unaoingia kusini. Sasa mtoto mmoja awe ndege, aende moja kwa moja kutoka Shinyanga hadi Geita, hatua kumi na sita. Mtoto mwingine awe basi. Basi haliwezi kukata pori. Litakwenda ama kwa Usagara na kuvuka ghuba, ama kwa Kahama, na kwa njia yoyote kati ya hizo litatembea hatua zaidi ya ishirini. Darasa zima litahesabu kwa sauti. Dar es Salaam ikitafutwa kwa kipimio hicho hicho itakuwa hatua 85 kutoka Mwanza, nje ya lango la shule na pengine katika shamba la jirani. Watoto watacheka, nao hawatausahau ukubwa wa nchi yao.

Reli nayo istahili hatua zake. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni kilomita 840, kisha njia hukata kwenda kaskazini, hupita Shinyanga na kufika Mwanza baada ya kilomita nyingine 379. Jumla ni karibu kilomita 1,220, hali ndege huruka takriban kilomita 850 tu. Mtoto akiuliza kwa nini reli haikunyoka, aelezwe kwamba Reli ya Kati ilijengwa kwanza kuelekea Tabora na Kigoma, na tawi la Mwanza lilikamilika baadaye, mwaka 1928. Njia huchorwa na historia pia, si mto na mlima peke yake.

Muda unakokwenda

Sasa tuje kwenye ndege ya abiria kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Ndege ya jeti ikiwa juu huweza kwenda kilomita 800 kwa saa. Mwanafunzi atagawanya 850 kwa 800 na kupata saa moja na dakika nne hivi. Lakini ratiba za safari hiyo huonyesha dakika 80 hadi 90. Je, marubani ni wavivu? Waache wanafunzi wajadili kabla ya kuwajibu. Ndege hutembea polepole kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia, hupanda kwa mwendo mdogo kuliko wa angani, huzunguka ili itue kwa kuufuata upepo unavyotaka, kisha hutembea tena hadi penye ngazi. Ndege zenye pangaboi hazifikii kasi ya jeti, kwa hiyo huchukua muda zaidi. Tukichukua dakika 85, kilomita 850 zinakuwa kilomita 10 kwa kila dakika, sawa na 600 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya wastani, nayo hailingani na kasi ya juu. Tofauti ya 800 na 600 hueleza maana ya wastani vizuri kuliko fasili yoyote ya kukaririwa.

Hapo bado hatujamfikisha msafiri. Tuchukulie mama anayeishi Geita, mwenye tiketi ya ndege inayoondoka Mwanza saa kumi kamili jioni. Atakiwa kuwa uwanjani saa mbili kabla, yaani saa nane mchana. Uwanja uko kaskazini ya jiji, karibu kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Kwa basi na kwa gari la mjini tumpe muda wa saa mbili na nusu, na nusu saa ya tahadhari. Ataondoka nyumbani saa tano asubuhi. Ndege itatua Dar es Salaam saa kumi na moja na dakika 25. Safari yake nzima imechukua saa 6 na dakika 25, na angani amekaa dakika 85 tu. Amesafiri karibu kilomita 970, hivyo wastani wake ni kama kilomita 150 kwa saa, si 800. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii mwenyewe ataanza kuuliza maswali ya maana: saa tano hizo nyingine zilikwenda wapi, na ni zipi zinazoweza kupunguzwa?

Jibu la swali hilo la mwisho lipo kwetu kwa macho. Daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la J. P. Magufuli, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Urefu wake ni karibu kilomita 3. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hulimaliza kwa dakika 3. Pantoni ilihitaji nusu saa hivi kwa maji yale yale, bila kuhesabu kungoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kukubwa. Mwalimu aandike ubaoni safari mbili za Geita hadi Mwanza, moja ya mwaka 2019 na moja ya leo. Umbali katika safari zote mbili ni ule ule. Kasi ya gari barabarani ni ile ile. Muda tu ndio uliobadilika. Hatujaona mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba umbali na muda si kitu kimoja.

Na mfano huu si wa kuchezea tarakimu tu. Hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iko Mwanza. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyeandikiwa rufaa kutoka Geita au Sengerema alikuwa na ghuba mbele yake, na mwenye kumsindikiza alipaswa kujua pantoni ya mwisho huondoka saa ngapi. Familia iliyopima safari kwa kilomita peke yake ilikuta maji usiku. Wanafunzi wengi wa shule zetu wana ndugu aliyewahi kungoja pale ufukweni. Mwalimu aingie katika habari hiyo kwa upole, bila kumlazimisha mtoto kusimulia, ila asiiruke kana kwamba haihusiani na hisabati.

Tatizo la neno "saa"

Tunataka kulikazia jambo hili kuliko mengine, kwa sababu wanachuo hulipita haraka. Katika Kiswahili "saa" ni chombo kilichoko mkononi, ni kipande cha dakika 60, na tena ni wakati wa siku. "Basi litafika saa tatu" na "basi litafika baada ya saa tatu" ni sentensi mbili tofauti kabisa, na mtoto anayesoma kwa haraka huziona moja. Katika maswali yote, mwalimu aandike "muda wa saa tatu" au "saa tatu asubuhi". Asiache neno "saa tatu" likiwa tupu.

Kisha kuna tiketi. Tiketi ya ndege huhesabu kuanzia usiku wa manane, nasi huhesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Tiketi ikisema 08:00, mtu asiyefundishwa huisoma saa nane na kwenda uwanjani mchana, wakati ndege ilikwisha ondoka saa mbili asubuhi. Kanuni ni kuondoa 6: 14:30 ni saa nane na nusu mchana, 16:00 ni saa kumi jioni. Ikiwa baada ya kuondoa 6 jibu linazidi 12, ondoa 12 tena: 23:00 inakuwa 17, kisha 5, yaani saa tano usiku. Kwa 00:00 hadi 06:59, ambapo 6 haiondoki au hubakiza sifuri, ongeza 6: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Hatari kubwa iko katika siku. Tiketi yenye kusema Jumanne 00:30 ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumanne. Kwa desturi yetu usiku huo msafiri anauita Jumatatu usiku, na ndivyo ilivyo kwake, kwa kuwa amekula chakula cha jioni Jumatatu. Akienda Jumanne usiku amechelewa siku nzima. Wanafunzi wachore mstari mrefu ubaoni, juu yake waandike saa za tiketi kutoka 00:00 hadi 24:00, na chini yake saa za Kiswahili, pamoja na maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Mstari huo ubaki ukutani muhula mzima.

Jua la Geita na jua la Dar es Salaam

Kwa darasa lililokwisha elewa hayo yote, mwalimu aweza kugusa saa za dunia. Asianzie Ulaya. Aanzie redioni. Katika mwezi wa Ramadhani redio ikiadhini magharibi kutoka Dar es Salaam, mfungaji wa Geita akitoka nje hulikuta jua bado liko juu ya miti, naye huendelea kungoja. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, sawa na dakika 4 kwa kila digrii. Dar es Salaam iko karibu longitudo 39 mashariki, Geita karibu 32. Tofauti ya digrii 7 ni dakika 28. Jua huchelewa dakika hizo kutufikia, lakini kwa ajili ya utawala na ratiba tumekubaliana kuwa na saa moja nchi nzima.

Nje ya nchi makubaliano hubadilika. Wafanyabiashara wa dhahabu husafiri kwenda Dubai, umbali wa takriban kilomita 4,000 kutoka Dar es Salaam, na saa za huko ziko mbele yetu kwa saa moja. Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam 23:00 na kutua 05:30 kwa saa za Dubai. Mwanafunzi atatoa na kupata saa 6 na nusu. Siku ya kurudi, inaondoka 10:00 kwa saa za Dubai na kutua 14:30 kwa saa zetu. Atapata saa 4 na nusu. Njia ni ile ile. Muache atafute mwenyewe kwa nini wastani wa majibu hayo mawili, saa 5 na nusu, ndio muda wa kweli angani, na ni katika hali gani wastani huo ungepotoka.

Kazi kwa mwanachuo

Chagua shule utakayopelekwa kwa mazoezi ya kufundisha. Pima kwa rula umbali wake kutoka chuoni, kisha upime kwa uzi njia utakayopita. Andika saa utakayoondoka na saa unayotazamia kufika, ukitaja wazi kila unalolichukulia: kusimama kwa basi, mvua, mizani ya magari, baiskeli ya kumalizia kipande cha mwisho. Ukisha fika, andika saa uliyofika kweli. Karatasi zote mbili ziletwe kwa mkufunzi zikiwa zimebanwa pamoja, na ile ya kwanza isifutwe.